Kesi Si Yako Tena

Jumanne, 4 Machi

Mvua imeanza leo, na leo hiyo hiyo nimeibiwa. Nimefungua duka la mikate alfajiri nikakuta pale inapokaa mashine ya kukandia unga pamebaki alama za miguu yake tu sakafuni. Kufuli lilikuwa linaning'inia mlangoni, limefunguka.

Sikuhitaji kuambiwa ni nani. Mashine ile haibebwi na mtu asiyeijua, ukiishika vibaya inakung'ata vidole. Ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, fundi umeme ambaye mtaa mzima unamwita Waya, kwa kazi yake na kwa wembamba wake. Yeye ndiye aliyeiunda. Ngoma aliitoa kwenye mashine mbovu ya kufulia, mikono ya kukandia akaichomelea mwenyewe, mimi nikanunua mota. Kwa hiyo, anasema, nusu ni yake. Wiki iliyopita alitaka kuihamishia kwa rafiki yake wafungue duka lao. Nikamjibu mbele ya wateja kwamba mtu anayekula kwangu, analala kwangu na kuoga kwa sabuni yangu hana nusu ya kitu chochote. Alicheka tu. Waya akikasirika hucheka.

Mama mkwe, tunayeishi naye, amesema, "Mwanangu, yuko hapo hapo mtaani. Mfuate mkaongee."

Nimempigia mume wangu. Ni dereva wa lori, amekwama kwenye foleni mpakani. "Nenda polisi," amesema. "Alale ndani siku mbili akili imkae sawa. Mmemdekeza mno."

Nimeona kasema la maana.

Jumatano, 5 Machi

Kituoni nimekaa kwenye benchi mpaka miguu ikafa ganzi. Mpelelezi niliyepewa ni mzee mpole mwenye koti kubwa asilolivua hata ndani. Moyoni nimeshampa jina, Mzee Koti. Meza moja wanakaa watatu. Majalada yamefungwa kwa kamba za viatu, na kuna ndoo katikati ya chumba inayopokea maji ya paa. Kwanza aliazima kalamu yangu, yake imeisha wino.

Akawa ananiuliza huku anaandika.

"Mlango ulikuwa umefungwa?"

"Nimeufunga mwenyewe."

"Kwa kufuli?"

"Kwa kufuli."

"Asubuhi ukalikutaje?"

"Limefunguka."

Akainua kichwa. "Limefunguka, au limevunjwa?"

Hapo nilikuwa namwona Waya akicheka mbele ya wateja wangu. Nikasema, "Limevunjwa."

Akaandika. Akanisomea yote kwa sauti, nikatia sahihi chini ya kila ukurasa. Nilitoka nimechangamka kabisa, kama mtu aliyetapika akapata nafuu.

Alhamisi, 6 Machi

Wamemkamata. Hakuwa amejificha wala nini: alikuwa barazani kwa rafiki yake anafunga mkanda wa mashine, watu wanapita wanamsalimia. Nilimwona nyuma ya gari la polisi, ameketi ubavuni mwa mashine kama abiria na mzigo wake. "Shemeji!" akaniita. "Niletee kandambili zangu, wamenibeba pekupeku!"

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepeleka kandambili. Wamezipokea. Sikumwona.

Jumamosi, 8 Machi

Siku mbili zimetimia, nikaenda kumtoa. Nilikuwa hata nimempikia. Mzee Koti akanitazama kama ninayeomba anirudishie mvua mawinguni.

"Mama, jalada limeshakwenda kwa mwendesha mashtaka. Jumatatu anapandishwa mahakamani."

"Lakini nimeshamsamehe."

"Kawaambie wao."

Jumatatu, 10 Machi

Sijawahi kuingia mahakamani. Nilidhani patakuwa na ukimya. Kumbe ni kama stendi: watoto wanalia, askari anaita majina, watu wanaulizana chumba namba ngapi. Hakimu ni mtu wa makamo, ana kikohozi. Anaandika kila neno kwa mkono wake, kwa hiyo kila mtu anazungumza kwa mwendo wa kalamu yake. Ukienda mbio anakuinulia kidole.

Waya alipanda kizimbani na watu wengine watano wenye kesi zao. Akasomewa shtaka: kuvunja jengo na kuiba. Akaulizwa, kweli si kweli?

"Si kweli, mheshimiwa. Mashine niliiunda mimi. Mtu haibi kazi ya mikono yake."

"Jibu kweli au si kweli."

"Si kweli."

Hakimu akasema dhamana iko wazi: wadhamini wawili wenye vitambulisho, makazi ya kudumu na barua ya serikali ya mtaa. Mama mkwe kitambulisho chake kilipotea zamani. Majirani waliokuja kushangaa wote ghafla wakawa wanaangalia viatu vyao. Basi nikanyoosha mkono.

"Mimi nitamdhamini."

"Wewe ni nani?"

"Mlalamikaji."

Chumba kizima kilicheka. Hata wale watano kizimbani walicheka. Hakimu akakohoa, akaandika, akasema mlalamikaji hawezi kumdhamini aliyemlalamikia, kesi itatajwa tarehe ishirini na nne, mshtakiwa arudi rumande.

Waya hakucheka. Kwa hiyo hakuwa amekasirika. Alikuwa ameanza kuogopa.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Tumekanda kwa mikono, mimi na dada anayenisaidia. Mikate nusu ya kawaida, na mingine imekuwa migumu.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua. Mikono inaniuma mpaka kwapani.

Jumatano, 19 Machi

Leo nimempata mwendesha mashtaka. Ni mwanamke mdogo kuliko mimi, nilimkuta kwenye korido anakula biskuti amesimama, majalada yamejaa mkononi mpaka kidevuni. Akanikaribisha ofisini, akahamisha majalada mengine kwenye kiti ili nikae. Sikutegemea wema huo, na pengine ndiyo maana uliniumiza zaidi.

"Ni mimi niliyeibiwa," nikamwambia, "na mimi nimesamehe. Kimebaki nini?"

"Mama, ulipotia sahihi pale polisi ulitukabidhi. Sasa ni Serikali dhidi ya shemeji yako. Wewe ni shahidi wa kwanza. Kesi si yako tena."

"Basi Serikali imsamehe."

Akatabasamu kwa uchovu. "Ingekuwa wizi mtupu, ningeiomba mahakama mpatane, mngeandikishana mkaenda zenu. Hapa kuna kuvunja. Kuvunja ni kosa kubwa, halina kupatana."



"Na wewe huwezi kulipunguza?"

"Mimi napokea kilichoandikwa na polisi. Sikumkamata, sikuwepo. Hakimu naye anasikiliza tulichomletea, hawezi kutoka kwenda kukagua mlango wako. Magereza wanamtunza waliyeletewa, hawaulizi kaja kwa nini. Kila mtu ana kipande chake."

"Na nani anaangalia vipande vyote pamoja?"

Akafikiri kweli, akafuta makombo ya biskuti mezani kwa kiganja. "Hakuna," akasema.

Nilidhani anatania.

Alhamisi, 20 Machi

Niandike ukweli hapa, maana ni hapa tu ninapoweza kuuandika. Kufuli nililosema limevunjwa ndilo ninalofungia duka mpaka leo. Funguo ya akiba hukaa kwenye msumari juu ya fremu ya mlango, na msumari wenyewe aliupigilia Waya. Alifungua kama alivyofungua siku zote. Nilijua hivyo wakati kalamu inatembea.

Nimelitia kufuli kwenye kikapu nikaenda nalo kituoni. Nikamwekea Mzee Koti mezani. Akaliangalia, akachukua funguo, akafunga, akafungua. Tiki. Tiki. Akainuka, akausukuma mlango ukafunga, akarudi kukaa.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, "maelezo hayafutwi. Naweza kuongeza maelezo mengine juu yake. Lakini nikiongeza, utaulizwa: ulidanganya ile siku, au unadanganya leo? Kutoa taarifa ya uongo polisi nalo ni kosa. Nitalazimika kukuweka ndani wewe. Na yeye hatatoka siku hiyo, atabaki kusubiri yako iishe."

"Kwa hiyo nifanye nini?"

Akalirudisha kufuli kikapuni kwangu, akalifunika kwa khanga yangu vizuri, kama mtu anayefunika mtoto. "Lirudishe nyumbani. Mimi sijaliona."

Alikuwa ananisaidia. Nina hakika alikuwa ananisaidia. Nikalirudisha nyumbani.

Jumatatu, 24 Machi

Kesi imetajwa. Upelelezi haujakamilika. Imeahirishwa mpaka tarehe saba. Ilichukua muda mfupi kuliko kufunga kamba za viatu. Nimelowa kwenda, nimelowa kurudi.

Jumapili, 30 Machi

Nimekwenda rumande. Mikate niliyobeba askari wa getini aliipasua yote katikati kwa kisu, akachokonoa ndani kwa kidole, akanirudishia makombo na mfuko. "Samahani, mama, ndiyo kazi."

Tumezungumza kupitia wavu, watu kama arobaini kwa wakati mmoja, kila mtu anapiga kelele kumshinda jirani yake. Waya amekonda, na sikujua kwamba alikuwa na pa kukonda. Vidole vyake vina upele, hakuacha kujikuna.

"Humo tunalala ubavu," akaniambia. "Mmoja akitaka kugeuka, mstari mzima unageuka. Yuko mzee anatupigia amri: wote, kulia! Kama jeshi." Akacheka.

"Waya, umenikasirikia?"

"Nikukasirikie nikiwa wapi, shemeji? Hapa hakuna nafasi." Kisha akaacha mzaha. "Nimesikia wanasema nilivunja."

Kelele zilikuwa nyingi. Ningeweza kujifanya sikusikia, na ndivyo nilivyofanya. Nikamuuliza anataka nimletee nini safari ijayo. Akasema dawa ya upele na mswaki.

Jumatatu, 7 Aprili

Hakimu yuko kwenye semina. Imeahirishwa.

Alhamisi, 10 Aprili

Mama mkwe amenisaidia kukanda unga tangu asubuhi. Zamani ukikanda naye huwezi kupumua kwa hadithi zake.

Jumatatu, 14 Aprili

Hakimu alikuwepo, mwendesha mashtaka alikuwepo, mimi nilikuwepo. Gari la magereza halikuja, barabara ya huko imekatwa na maji. Ikaahirishwa bila yeye. Karani aliita jina lake mara tatu mlangoni kama sheria inavyotaka, na hakuna aliyeitika.

Jumatano, 16 Aprili

Mume wangu amerudi. Nilimngojea na maneno mengi kwenye ulimi. Yeye ndiye aliyesema siku mbili. Lakini aliingia, akaona godoro la mdogo wake limekunjwa na kusimamishwa ukutani, akakaa kwenye ndoo ya unga iliyopinduliwa bila kuvua kofia.

"Bado yuko ndani?" akauliza. "Mimi nilidhani ulikuwa unanitisha kwenye simu."

Nikameza maneno yangu yote.

Jumatano, 23 Aprili

Mume wangu amezunguka siku tatu: barua ya mtaa, picha, muhuri, tena muhuri wa kuthibitisha muhuri. Amepigwa danadana mpaka amechoka. Mdhamini wa pili amempata, ni mwenye karakana anayotengenezea lori lake. Jumatatu tunamtoa.

Nilipitia kituoni kuulizia mashine, maana biashara inakufa. Iko nyuma ya jengo, chini ya ukingo wa paa, maji yanaichuruzikia moja kwa moja kwenye ngoma. Imefungwa kibandiko cha karatasi, wino umeshachujuka. Nikaomba angalau niifunike kwa turubai.

"Hicho ni kielelezo," akasema askari wa zamu. "Hakiguswi."

Jumatatu, 28 Aprili

Tulikuja wote, hata mama mkwe, amevaa nguo zake nzuri. Waya alipomwona mama yake akainama kizimbani tusimwone uso.

Hakimu akapitia karatasi za wadhamini. Akauliza, "Mdhamini wa kwanza, mshtakiwa akitoka ataishi wapi?"

"Kwangu, mheshimiwa. Ni mdogo wangu."

"Na mlalamikaji anaishi wapi?"

Mume wangu akanigeukia. Sijawahi kumwona dereva yule akipotea njia, leo nilimwona.

"Kwangu, mheshimiwa. Ni mke wangu."

Hakimu akaweka kalamu chini. Akaeleza taratibu, bila hasira yoyote, kwamba mahakama haiwezi kumpeleka mshtakiwa akaishi nyumba moja na shahidi wa kwanza wa Serikali, kwa sababu anaweza kumtisha au kumshawishi. Atafutwe mdhamini mwingine, makazi mengine. Mwenye karakana naye akasema basi na yeye anajitoa, alidhani ni jambo la kifamilia.

Nje mama mkwe akaniuliza, "Wewe ndiye shahidi?"

"Ndiyo, mama."

"Wa kumfunga?"

Nilitaka kumweleza habari ya vipande, kila mtu na chake. Nikaona aibu.

Ijumaa, 2 Mei

Zamani mama mkwe aliniita mwanangu. Siku hizi ananiita wewe.

Jumatatu, 5 Mei

Upelelezi umekamilika. Mashahidi wataanza kusikilizwa mwezi wa nane, kabla ya hapo nafasi zimejaa. Mwezi wa nane! Mwendesha mashtaka akaniita pembeni kwenye korido.

"Mama, sikushauri, nakwambia ninavyoona kila siku. Akikiri, kesi inaisha wiki hiyo hiyo. Ni kosa lake la kwanza, ameshakaa rumande, mashine imepatikana. Mara nyingi hakimu anatoa kifungo cha nje. Afanye usafi hospitalini miezi sita, analala kwenu."

"Akikiri kuvunja?"

"Akikiri lililoandikwa."

Nimerudi nikawaambia wote wawili. Mume wangu ameshika tama. Mama mkwe ameanza kufunga mkoba wake papo hapo. "Nipelekeni nikaongee naye."

Jumanne, 6 Mei

Tumekwenda. Mimi nilisimama nyuma, mama mkwe akashika wavu kwa mikono miwili.

"Kubali, mwanangu. Kubali urudi nyumbani."

"Mama, sikuvunja. Nikisema nilivunja nitakuwa mwizi maisha yangu yote. Nani ataniita nyumbani kwake nimtengenezee umeme?"

"Mimi mwezi wa nane sitaufikia."

Mama mkwe hana ugonjwa wowote ninaoujua. Alisema hivyo akimaanisha, au alisema ili ashinde, sijui. Waya aliegemeza kipaji cha uso kwenye wavu, akakaa hivyo mpaka askari akapiga kengele.

"Haya," akasema.

Alhamisi, 8 Mei

Amekuja ofisa wa kuchunguza tabia, wale wanaomwandikia hakimu taarifa kuhusu mshtakiwa kabla ya adhabu. Ni mtu mzima, viatu vyake vimejaa maji, akaviacha mlangoni. Ameuliza majirani, ameuliza sisi, amekagua chumba cha Waya. Anahudumia wilaya nzima peke yake, kwa miguu. Amekunywa chai, akasema, "Huyu hastahili gereza. Nitaandika hivyo." Akaandika hapo hapo mezani kwetu, tukamwona.

Kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze tumelala vizuri nyumba nzima.

Jumatatu, 12 Mei

Nitajaribu kuandika kama ilivyokuwa.

Hakimu ni mwingine. Yule mwenye kikohozi amehamishwa. Huyu ni mgeni, kijana, safi, anaandika haraka. Waya akasimama, akasema anataka kubadili jibu lake. Akasomewa shtaka upya, akasema ni kweli. Kisha mwendesha mashtaka akasoma maelezo ya kosa, na hakimu akawa anamsimamisha kila sentensi kumuuliza Waya kama anakubali.

Kwamba tarehe nne mwezi wa tatu aliingia katika duka la mikate la mlalamikaji. Ni kweli.

Kwamba aliingia kwa kuvunja kufuli.

Waya akanitafuta kwa macho kwenye mabenchi mpaka akanipata. Hakunikazia macho kwa chuki. Aliniangalia kama mtu anayemngojea mwenzake ashike upande wa pili wa meza wainue pamoja.

Nikasimama. "Mheshimiwa, kufuli halikuvunjwa!"

Hakimu akainua kichwa.

"Wewe ni nani?"

"Mlalamikaji. Kufuli ni zima, ninalo nyumbani, alifungua kwa funguo, mimi ndiye niliye..."

"Mama, kaa chini. Shahidi anazungumza akiitwa."

"Basi niite, mheshimiwa."

"Mshtakiwa anakiri. Akikiri, hakuna mashahidi." Alisema kwa upole, kama mwalimu anayenifundisha. Askari akanishika bega akanikalisha. Mwendesha mashtaka alikuwa anatazama karatasi zake, masikio yamemwiva. Hakimu akamgeukia Waya. "Umesikia maneno hayo. Kama hukuvunja, sema. Tutaandika kwamba umekana, kesi itasikilizwa mwezi wa nane, utarudi rumande. Ulivunja, hukuvunja?"

Waya akamtazama mama yake.

"Nilivunja."

Hakimu akauliza kama kuna taarifa ya ofisa wa kuchunguza tabia. Karani akapekua jalada mbele na nyuma. Haimo. Ililetwa Ijumaa masjala, masjala wakasema hakimu aliyeandikiwa ameshahama, wakaiweka kwenye kapu la kumfuata huko aliko. Hayo tuliyajua baadaye. Pale tulisikia tu, "Haipo, mheshimiwa."

Akaandika kwa muda. Kisha akasoma. Kwamba mahakama imezingatia kwamba ni kosa la kwanza na kwamba mshtakiwa hakuisumbua mahakama. Kwamba hata hivyo matukio ya uvunjaji yamezidi katika wilaya hii. Kwamba wafanyabiashara wadogo, hasa wanawake kama mlalamikaji, wanahitaji ulinzi wa sheria.

Miaka mitatu.

Miaka mitatu kwa ajili ya kunilinda mimi.

Mama mkwe hakuelewa. Akamvuta mume wangu mkono, "Kasema miezi mingapi?" Waya alishushwa kwa ngazi za pembeni. Hakugeuka.

Jumanne, 13 Mei

Sikufungua duka.

Ijumaa, 16 Mei

Kukata rufaa: mtu aliyekiri hawezi kukatia rufaa kosa, anakatia ukubwa wa adhabu tu. Notisi ni siku kumi, kupitia gereza alipo. Mwendesha mashtaka amenieleza yote, hata ameniandikia kwenye kipande cha karatasi. Alipomaliza akasema, "Mama, siku ile ulivyosimama..." Hakumalizia. Nami sikumsaidia amalizie.

Rumande wanasema ameshahamishwa. Hawajui ni gereza gani. Makao makuu ya magereza wanajua, lakini lazima uandike barua.

Jumatano, 21 Mei

Barua tumeandika. Siku kumi zinaisha kesho.

Jumatatu, 26 Mei

Mvua imekatika. Nimeitwa kituoni kuchukua mashine yangu, kesi imekwisha. Nimetia sahihi. Ngoma ina kutu, mota haimo. Mzee Koti alikuwepo, ameangalia pale ilipokuwa mota kwa muda mrefu, akasema ataulizia. Mume wangu ameibeba mpaka kwa wauza chuma chakavu, moja kwa moja, haikufika nyumbani.

Jumamosi, 31 Mei

Makao makuu wamejibu. Gereza liko mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi.

Jumapili, 8 Juni

Tumekwenda mimi na mama mkwe. Mume wangu anasema njia ile ameipita na lori miaka yote, na hataweza kuipita tena akiwa abiria. Sikumlazimisha. Zamani nilimwona mtu mgumu. Sasa naona ni mtu anayejua kuendesha tu.

Ni ukuta mrefu mweupe kando ya barabara kuu, na chumba cha kungojea chenye madirisha mapya. Jua kali, vumbi limeanza. Askari wa mapokezi alitueleza vizuri: mfungwa mpya ana ziara moja kwa mwezi, muda ni mpaka kengele ilie, mgeni anaingia mmoja mmoja, mkiwa wawili mnagawana. Nikamwambia mama mkwe atangulie, aongee, kisha anipishe dakika chache tu. Nilikuwa na jambo moja la kumwambia Waya, nililirudia njia nzima ndani ya basi. Mama mkwe akaitikia kwa kichwa, akaingia.

Nikangoja. Karibu yangu alikuwepo mwanamke ananyonyesha, aliingia na kutoka. Mzee mmoja akaingia na kutoka. Kengele ikalia.

Mama mkwe akatoka anajifuta uso kwa ncha ya kitambaa.

"Yuko salama?" nikamuuliza.

"Anakohoa. Wanamtumia kutengeneza umeme wa humo ndani." Akapanga vitu mkobani, kimoja kimoja. "Ameniuliza nimekuja na nani."

"Ukamwambiaje?"

"Nimemwambia nimekuja peke yangu."

Hakuwa amekasirika, wala hakutaka kuniumiza. Alisema kama mtu anayeeleza kwamba mlango ule unafungukia nje. Nilimshika mkono tukaenda kungojea basi upande wa pili, maana magari yalikuwa yanakwenda mbio na hakuna hata moja lililosimama kutupisha.